Safari Ndefu ya Jirani Yetu wa Maposeni

Ukifika Peramiho, penye misheni iliyoanzishwa na Wabenediktini mwaka 1898, Maposeni si mbali. Ni nchi ya mahindi. Mwezi wa Januari kila mtu yuko shambani kwa palizi.

Januari moja shamba la jirani yetu lilijaa magugu. Mama wa nyumba ile alipimwa akaonekana ana saratani ya mlango wa kizazi, akaambiwa aende Ocean Road, Dar es Salaam, kutibiwa kwa mionzi. Njia yapita Njombe, Iringa na Morogoro, zaidi ya kilomita 900. Hospitali hiyo iko kando ya bahari; Wajerumani waliifungua mwaka 1897, na tangu 1996 ni taasisi ya saratani. Mionzi hutolewa siku baada ya siku, kwa majuma kadhaa. Mama akakataa: “Watoto wangu watakula nini?”

Jioni ile jumuiya ilisali rozari nyumbani kwake. Asubuhi wakarudi na majembe. Palizi ikaisha kwa siku mbili. Nauli ikachangwa, asiye na fedha akatoa debe la mahindi. Padre akampa Mpako wa Wagonjwa, akasafiri na mumewe.

Leo mama yupo nyumbani, ila huenda kupimwa tena.

Akina mama, mkiona damu isiyo ya kawaida, msingoje maumivu. Nendeni hospitali upesi. Mabinti nao wapelekeni wachanjwe. Nawe uliye mzima, mwombee mgonjwa, kisha chukua jembe lako uende shambani kwake.