Mtumbwi wa babu sio wa Stanley

Najua nimepotea, msinichape. TP ilikuwa Urambo, ikaisha, nikaunganisha treni mpaka nyumbani Ujiji, na sasa nimerudi hapa Tabora na malengelenge mikononi na boom lililobaki la kununulia chumvi. UE ni wiki mbili zijazo. Ngoja niwasimulie kabla sijazama kwenye madesa.

Ilianzia darasani. Kidato cha pili, Historia, mada ya biashara ya misafara. Mnaijua ile njia: Bagamoyo, Mpwapwa, Ugogo, Tabora, Urambo, Uvinza, Ujiji. Kipindi kilikuwa cha mwisho, watoto wanasinzia, nikaona niwaamshe. Nikawaambia mwaka 1883 boti ilipita hapahapa Urambo, nchi kavu. Na sio kamba. Wamisionari wa London walitaka boti ya tanga ya kuzungukia Ziwa Tanganyika, jina lake Morning Star. Ilikuwa ya chuma, ikasafirishwa vipande vipande toka Uingereza, halafu msafara wa baharia wao, Edward Hore, ukaivuta kwa vigari na kuibeba toka pwani hadi Ujiji. Stanley naye alikuwa ameshaleta boti yake ya mbao, Lady Alice, mwaka 1874, vipande vyake mabegani mwa watu.

Darasa likaamka kweli. Binti mmoja wa nyuma akanyoosha mkono: "Mwalimu, hao waliobeba, walipofika ziwani walipandishwa?"

Nikajibu, "Swali zuri sana, tutalijadili kipindi kijacho." Walimu wenzangu mnajua hiyo maana yake nini, hahaha! Wapo waliopanda, kupiga makasia. Lakini nilijua hicho sicho alichokuwa anauliza.

Sasa nafika Ujiji, nakuta mjomba kaweka kibao nyuma ya nyumba: BOTI YA STANLEY, PICHA SH 2,000. Jamani!

Hicho chombo nimekikuta tangu nazaliwa. Kilikuwa kimelala chini ya mwembe, nusu kimezikwa na udongo, kuku wanatagia ndani. Maji ya ziwa yalipopanda 2020 na 2021 yakafika mpaka pale, yakaosha tope, ubavu mzima ukatokeza. Mjomba akaona biashara, maana wageni wanaokuja kuangalia kumbukumbu ya Livingstone hawako mbali. Babu yeye miaka yote alikuwa na hadithi nyingine. Alisema kiliundwa na fundi wa Unguja, aliyeletwa na baba yake kwa hela nyingi. Tulikuwa tunaringa nayo shuleni.

Nikamwambia mjomba kistaarabu kwamba Lady Alice haiwezi kuwa hapa. Stanley mwenyewe aliiacha mwaka 1877 kwenye maporomoko ya Isangila, mto Kongo. Na Morning Star ilikuwa ya chuma, wakati hii imeliwa na mchwa. Mjomba akaniangalia. "Wewe msomi, basi sema ni ya nani."

Nikamtafuta fundi wa boti kule Kibirizi, mzee wa kazi haswa. Tukachimba siku mbili. Kwanza mbao za ubavuni, halafu ubao wa kukalia wenye tundu la mlingoti, kwa hiyo tanga lilikuwepo. Mimi nilikuwa nasubiri mkuku. Mashua ya pwani inaanzia kwenye mkuku, ule mti mrefu wa chini, ndipo zinafuata mataruma na mbao. Kama kweli ni kazi ya Unguja, mkuku lazima uwepo. Fundi akaingiza mkono chini, akapapasa mpaka bega likagusa tope, akaanza kucheka.

"Mwalimu, hapa hakuna mkuku. Huu ni mti mmoja."

Ndivyo ilivyokuwa. Chini pote ni gogo moja, limechongwa kwa tezo toka mbele hadi nyuma, alama za tezo unazihisi kwa vidole kama magamba ya samaki. Mbao zimepigiliwa juu yake kuongeza kimo, na mataruma manne tu ya kuzishika. Mtumbwi ulioinuliwa, sio mashua. Fundi akakwangua kidogo, akanusa, akasema mvule. Na mivule mikubwa ya mitumbwi ya ziwa ilikuwa inatoka ng'ambo, milima ya Ugoma, upande wa Kongo.

Hapo nikafanya kosa. Nikamsimulia mjomba kwamba mwaka 1871 Stanley na Livingstone walienda kaskazini mwa ziwa kwa mtumbwi wa kuazima, wa Said bin Majid, na Stanley aliandika kwamba ulichongwa kwa mvule wa Ugoma. Mjomba akaruka: "Si ndio nilichosema!!"

Ikabidi tugeukie misumari. Ilikuwa ya mviringo, ya kiwandani, sio ile ya kufuliwa yenye pembe nne. Fundi akanitahadharisha, na hili hata chuo hawajanifundisha: msumari unakuonyesha aliyetengeneza mara ya mwisho, haukuonyeshi chombo kilizaliwa lini. Tukang'oa mmoja mmoja tukitafuta matundu ya zamani pembeni. Hayakuwepo, si kwenye mbao wala kwenye mdomo wa gogo. Kwa hiyo mbao na misumari ni ndugu wa siku moja, na ni vitu vya zama za baba yake babu. Stanley hayumo.

Jioni nikamfuata babu barazani. Shikamoo, marahaba. Nikamwambia tumefika chini, hatukuona mkuku, ni gogo. Akakaa kimya mpaka nikadhani hajasikia.

"Nani kakwambia ufukue?"

Nikaomba radhi. Akaendelea kuhesabu tasbihi. Baadaye sana, bila kuniangalia, akasema, "Baba alikuwa anavuka mwenyewe kwenda Goma kuchagua mti. Alichonga yeye. Sisi tuliambiwa tuseme fundi katoka Unguja."

"Kwa nini babu?"

"Ukisema umejulia kazi Goma, watu wanauliza huku ulikuja na nani."

Wasomaji wa Ujiji wameshaelewa. Kwamba kwetu tumejaa Wamanyema sio siri. Siri ni walivyofika, nani alikuja kwa miguu yake na nani aliletwa. Utumwa ulifutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922 tu, na baba yake babu alikuwa ameshazaliwa. Babu hakusema zaidi, na mimi, mwalimu mtarajiwa wa Historia, niliyefundishwa namna ya kuhoji wazee, sikuuliza. Mpaka leo sijui kama niliogopa au nilikuwa na adabu.

Kesho yake akatuma mtoto aniite. Akauliza, "Gogo limeoza?" Nikamwambia halijaoza, zilizokufa ni mbao za juu. Akasema, "Basi."

Hilo "basi" ndilo limemaliza boom langu. Nilirudi Tabora kusaini, nikanunua mbao nne za mninga, zenye kibali na risiti kabisa, nikapanda nazo treni ya Kigoma. Nililipia mzigo, nikatukanwa na abiria waliogongwa miguu, nikalala nimezikumbatia. Treni iliposimama Urambo usiku nilicheka peke yangu: na mimi nabeba chombo vipande vipande, njia ileile.

Fundi alipiga mbao mpya, akaziba maungio kwa pamba na lami. Mimi kazi yangu ilikuwa kusokota pamba na kuipigilia, ndio haya malengelenge. Mlingoti bado, tanga bado, hela hakuna. Tulipousukuma majini ulijaa maji ndani ya dakika kumi, na watoto wa mtaa wakashangilia! Nilitaka kulia. Fundi hata hakustuka. Gogo limekauka miaka na miaka, akasema, liacheni linywe. Tukautia mawe ukazama kwenye kina cha kiuno, ukae hukohuko mpaka mti uvimbe na nyufa zijifunge.

Babu aliletwa kwenye kiti kuangalia. Nikamuuliza tuandike jina la baba yake ubavuni? Akakataa, na ndio maana hata hapa sijaliandika.

Jana mjomba kapiga simu. Wameutoa mawe, unaelea, siku hizi unakombwa maji asubuhi mara moja tu. Kafuta neno Stanley kwenye kibao, ila bei ya picha kaiacha palepale. Wageni wakiuliza ni ya nani, anasema, awajibu nini?

Nimemwambia nitampigia baada ya UE. Niombeeni jamani.