Kutoka Waranti ya Treni Hadi Noah ya Kukodi

Mwezi wa nne ukifika, barabara ya kutoka mjini Tarime kuja kwetu Nkende haitulii siku za Jumamosi. Bodaboda zinatangulia zikipiga honi, nyuma yake zinafuata Noah mbili tatu zilizofungwa maputo, na kwenye tundu la paa la ile ya mbele amesimama kijana kavaa joho, shingoni mashada ya rangi rangi, kifuani noti zimebanwa kwa pini. Akina mama wanatoka migombani kupiga vigelegele. Ukiuliza, utaambiwa kijana amemaliza kidato cha sita huko kwenye shule ya bweni ya wavulana. Kusema kweli bado hajamaliza, maana mtihani wa Baraza la Mitihani unafanyika Mei, lakini hilo halijawahi kumzuia mtu kula pilau.

Mimi nilimaliza mwaka 1980, Tabora Boys. Siku ya mahafali yetu, hapa Nkende hakuna aliyejua kama kuna jambo. Baba akiulizwa niko wapi alikuwa anajibu, "Yuko Tabora kwa serikali," kama anayesema mtu yuko kazini. Wala hakukosea. Nauli ililipwa na serikali, chakula cha serikali, godoro la serikali. Unapanda basi Tarime, unavuka Mto Mara kwa kivuko pale Kirumi kwa sababu daraja lilikuwa bado, unafika Mwanza umejaa vumbi mpaka kwenye kope, kisha unaingia kwenye treni ya Tabora na sanduku lako la bati. Mkononi una waranti, kile kikaratasi cha kusafiria bila kutoa hela. Aliyekipoteza alijuta.

Nilikuwa kidato cha tano vita vya Kagera vilipoanza mwishoni mwa mwaka 1978. Treni zilizopanda kwenda Mwanza zikawa zimejaa wanajeshi. Mwenye kuwajua Wakurya anajua habari zetu na jeshi. Vijana wengi wa huku walikuwa mstari wa mbele, na kijijini mwanajeshi aliheshimiwa kuliko msomi kwa mbali sana. Mzee mmoja wa ukoo wetu aliniuliza likizo moja, bila kejeli, "Mura, wenzako wako vitani, wewe unasomea nini mpaka leo?" Sikuwa na jibu la kumridhisha. Jiografia, historia na Kiswahili si mambo ya kumweleza mtu ambaye mtoto wake yuko Uganda.

Shule yenyewe ilianza miaka ya 1920 ikiwa ya watoto wa machifu, na mtoto mmoja wa Chifu Nyerere Burito wa Butiama, jirani zetu wa kusini, aliingia pale mwaka 1937. Kwa hiyo sisi wa mkoa wa Mara tulitembea pale kama wenye shule. Ila siku ya mahafali haikuwa na mbwembwe. Tulivaa sare ile ile ya kila siku, tofauti ilikuwa kwamba imepigwa pasi. Mgeni rasmi alikuwa mtu wa Chama kutoka mkoani, Chama kikiwa kimoja wakati huo, naye alizungumza kwa kirefu juu ya ujamaa, juu ya maadui ujinga, maradhi na umaskini, na juu ya uchumi baada ya vita. Tukala wali na nyama. Picha ilipigwa moja ya wote, na mimi ninaonekana sikio na nusu ya uso. Wazazi waliokuwepo ni wale walioishi Tabora mjini, na hata hao walikaa nyuma kama watu waliokuja kusikiliza kesi ya jirani.

Kilichotusisimua hakikuwa mahafali. Ni ile orodha ya makambi. Tangu mwaka 1967 sheria ilimtaka mhitimu wa kidato cha sita kwenda Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), na zamani zetu ilikuwa mwaka mzima, si utalii. Nani Ruvu, nani Mafinga, nani Makutupora, nani Oljoro. Mimi nikapata Oljoro. Nikapewa waranti nyingine. Ukiitazama vizuri, siku ile tulihama tu kutoka mkono mmoja wa serikali kwenda mkono wake wa pili. Hatukupita nyumbani, wala hakuna aliyeona ajabu.

Sherehe niliyoipata Nkende ilikuja miezi kadhaa baadaye, nilipokuja likizo kutoka kambini. Nilikuwa kipara, mweusi wa jua, mwembamba, mgongo umenyooka. Baba aliniangalia nikitembea kutoka barabarani, akaingia zizini, akachagua mbuzi. Kwake yeye ndipo nilipohitimu. Cheti nilipomwonyesha alikishika kwa ncha za vidole akanirudishia.

Baada ya JKT nilifanya kazi ya ukarani wilayani, maana Azimio la Musoma, lililopitishwa Novemba 1974 kwenye mkoa wetu wenyewe, lilikuwa limeamua kwamba mtu asiende chuo kikuu moja kwa moja kutoka shuleni. Kwanza afanye kazi, aonekane ni mtu wa namna gani. Tulilalamika chini kwa chini. Leo nikilipima lile Azimio naliona lilikuwa na ubabe ndani yake, na pia lilikuwa na kitu ambacho vijana wa sasa wangekililia: kazi yenyewe ilikuwepo. Nikaenda Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mlimani, nikatoka mwalimu, nikapangiwa kituo. Katika maisha yangu yote ya utumishi sikuwahi kuandika barua ya kuomba kazi.

Nikafundisha katika shule za wavulana mpaka nilipostaafu, na karibu kila mwaka nilitupwa kwenye kamati ya mahafali, hasa kusahihisha risala. Nadhani hakuna anayeijua risala ya kidato cha sita kama mwalimu wa Kiswahili. Inaanza na historia ya shule, inashuka kwenye mafanikio, inafika kwenye changamoto, inaishia na ahadi. Changamoto ni zile zile: walimu wa sayansi, maji, gari la shule, bwalo dogo. Kilichobadilika ni ahadi. Risala za miaka ya 1980 ziliahidi kwenda mahali: tuko tayari kwenda JKT, tuko tayari kupangwa popote. Vijana waliyasoma hayo kwa sauti kavu kwa sababu walikuwa wanajua ni kweli, kesho kutwa wangekuwa wanakimbia mchakamchaka. Halafu mwaka 1994 serikali ikasitisha JKT ya lazima, fedha hakuna. Mwaka uliofuata mwandishi wa risala alikuja kwangu na karatasi, akaniuliza, "Mwalimu, hapa sasa tuseme tuko tayari kwenda wapi?" Tulikaa kimya wote wawili. Tukaandika kwamba wanaahidi kuwa mabalozi wazuri wa shule. Sentensi hiyo unaisikia mpaka leo nchi nzima. Sidai kwamba ni sisi tuliianzisha, ila najua pengo lililoifanya itufae.

Mgeni rasmi naye akabadilika. Vyama vingi vilipoanza mwaka 1992, mtu wa Chama peke yake hakutosha. Akaja mbunge, akaja mfanyabiashara, akaja mtu ambaye hakuna anayemfahamu ila mwaka ule kulikuwa na uchaguzi. Hotuba zikawa fupi na ahadi zikawa ndefu: mifuko ya saruji, mabati, kompyuta. Mkuu wa shule mwenye akili alikuwa anaandika papo hapo na kumsomea mgeni kabla hajaondoka, mbele ya watu. Niliona mgeni mmoja akisomewa hivyo akaongeza mabati kwa aibu.

Wazazi walianza kuja kwa wingi miaka ya 2000. Sababu sioni kama ni upendo kuzidi. Barabara zilipata lami, simu za mkononi zikafika, na kubwa zaidi, mzazi sasa alikuwa analipa. Ada ya shule ya bweni ya serikali ilikuwa shilingi 70,000 kwa mwaka, bado hujataja godoro, nauli, michango na masomo ya ziada. Aliyelipa anataka kuona alicholipia. Joho likaja, nadhani kutoka shule za binafsi, mshereheshaji akachukua nafasi ya mwalimu wa zamu, keki ikaingia. Serikali ilipofuta ada ya kidato cha tano na sita mwaka 2022, nilitegemea sherehe zipungue. Zikapanda. Hela iliyookolewa kwenye ada ilienda kwenye maturubai.

Kuna wanaosema haya ni mambo ya Dar es Salaam yaliyotuvamia. Mimi sikubali. Tazama vizuri msafara ule wa Jumamosi: vijana wa rika lake wanamtangulia, wanawake wa ukoo wanamfunika kwa khanga, watu wanambandika noti, anatembezwa nyumba kwa nyumba kabla ya kuingia kwao. Hiyo ni saro. Hivyo ndivyo tulivyosindikizwa sisi mwezi wa Desemba tukitoka kutahiriwa. Siku hizi wazazi wengi ninaowafahamu wanampeleka mtoto hospitali wakati wa likizo, anarudi na pikipiki, basi. Kisu kimehamia kwa daktari, na nyimbo, zikikosa pa kwenda, zimehamia kwenye joho. Kwenye sherehe moja hapa jirani nilikuta litungu, ala yetu ya nyuzi, linapigwa upande mmoja na singeli upande wa pili, na sahani za kichuri, chakula chetu cha asili, zikipita katikati ya pilau. Tofauti moja tu ilimkera mzee wa karibu nami, mtu wa rika la marehemu kaka yangu: "Sisi hatukumshangilia kijana kabla ya kisu. Huyu mnamshangilia mtihani bado?" Nikamweleza kwamba zamani mtihani ulikuwa Februari na tangu mwaka 2014 ni Mei, kwa hiyo shule zinafanya mahafali kwanza. Akasema huo ni utaratibu wa shule, si sababu.

Mwaka 2024 alihitimu mjukuu wa dada yangu. Dada huyu aliishia darasa la nne. Hesabu alinizidi, na yeyote aliyesoma nasi atakwambia hivyo. Ng'ombe waliotolewa kumwoa yeye ndio niliotoa mimi kuoa, kwa desturi yetu, na kwa desturi hiyo hiyo mjukuu wake nina deni naye. Kwa hiyo nilichanga bila kusukumwa. Kundi la WhatsApp lilifunguliwa mwezi wa pili, likawa na watu kutoka Sirari, Mwanza, Nyamongo, Nairobi, hata mmoja yuko Muscat. Kila jioni mweka hazina anabandika orodha, na anayechelewa anatajwa kwa jina la utani. Siku yenyewe dada alikaa kiti cha mbele cha Noah, kimya, kitenge kipya, akipunga mkono kama waziri.

Nilifurahi. Ila nilipokuwa nakula nilijikuta nauliza swali la kitaaluma: kijana huyu anapokelewa na nani? Mimi mwaka 1980 sikuwa na Noah wala keki, lakini palikuwa na kambi yenye jina langu, baadaye ofisi, baadaye chuo, baadaye darasa. Taifa lilinipokea, kwa ukali wake. Tulikuwa wachache, ndiyo. Watahiniwa wa kidato cha sita sasa wanazidi laki moja kwa mwaka, na hakuna serikali inayoweza kuwapa wote hao waranti na ofisi. JKT imerudi tangu mwaka 2013, lakini ni miezi mitatu, kisha anarudi nyumbani. Hata walimu, ambao zamani walipangwa tu, wameanza kufanyiwa usaili mwaka 2025. Aliyebaki kumpokea mhitimu ni ukoo. Ndiyo maana ukoo umechukua sherehe yote mikononi mwake, na sioni haki ya kuwacheka.

Matokeo yalitoka Julai, kijana akapata divisheni ya pili. Akaomba chuo, akaomba mkopo wa Bodi ya Mikopo. Mkopo ukaja pungufu, ada ikabaki na pengo. Bibi yake akaniambia niwaeleze wenzetu kwenye lile kundi. Nikafungua simu, nikakuta karibu wote wamejitoa Jumatatu ya baada ya sherehe, na mweka hazina ameandika "kazi imekwisha, Mungu awabariki". Tulilijaza lile pengo watu wachache, kwa tabu, na kiasi kilichopungua hakikufika kodi ya turubai na muziki.

Kwa hiyo nina ombi kwa wenzangu wa Nkende ambao mwakani watakuwa na kijana kidato cha sita. Sherehe mfanye, na mimi mnialike. Lile kundi la WhatsApp msilivunje mpaka kijana awe amesajiliwa chuoni, na mweka hazina asiruhusiwe kuandika kwamba kazi imekwisha kabla ya mwezi wa kumi na moja.