Kifutu Aliyelala Njiani

Katika mahubiri yetu kipepeo amependelewa sana. Kila Pasaka anatajwa: kiwavi amelala, ganda limepasuka, mabawa yametokea, nasi tunaambiwa ndivyo tutakavyofufuka. Nyoka hana bahati hiyo. Tangu Edeni yeye ni Shetani, na ukimkuta njiani unampiga kichwa kwanza, kisha unamshukuru Mungu. Mimi ni mtu wa Mbebe, wilayani Ileje. Nimekulia katika mahubiri hayo na siyapingi. Lakini kuna nyoka mmoja aliyeigawa familia yetu, na nilikuja kumwelewa nikiwa matembezini, mbali sana na nyumbani.

Binti yangu ameolewa Malindi, Kenya. Mwaka aliojifungua nilikwenda kumwona mjukuu. Safari ya basi kutoka Tunduma hadi Dar es Salaam, kisha Tanga, Horohoro na Mombasa, sitaisimulia; mgongo wangu bado unaikumbuka. Baada ya siku nne za kulishwa wali wa nazi, mkwe wangu akasema, "Baba, leo tunakutembeza."

Tulianzia Gede, kwenye Mradi wa Kipepeo ulioanza mwaka 1993 karibu na magofu ya mji wa kale. Wanakijiji wanaopakana na msitu wa Arabuko-Sokoke hufuga viwavi kwa majani ya msituni, kisha huuza vifukofuko, navyo husafirishwa hadi nchi za mbali, vipepeo wakatokee hukohuko mbele ya watazamaji. Kwa hiyo msitu ukifyekwa, fedha nazo zimekwisha. Niliipenda hesabu hiyo. Ndani ya wavu niliwaona wale wazuri kuliko wote wamejazana juu ya ndizi iliyooza, wanafyonza. Hilo hakuna mhubiri aliyewahi kunieleza.

Kutoka hapo tulichukua tuktuk hadi Watamu, si mbali, kwenye shamba la nyoka la Bio-Ken. Lilianzishwa mwaka 1980 na James Ashe, aliyekuwa amefanya kazi na nyoka katika makumbusho ya Nairobi. Binti yangu alibaki getini na mtoto; alisema nyoka atawaona kwenye picha. Kijana aliyetutembeza alituonyesha koboko, swila na chatu. Kisha akasimama mbele ya sanduku lililoonekana halina kitu, majani makavu tu. Nilitazama kwa muda mrefu kabla sijaona kwamba sehemu ya majani yale ilikuwa na jicho.

"Huyu ni bafe," akasema. "Kwenu mnamwitaje, mzee?"

Kwetu ni kifutu.

Akaeleza, kama mtu aliyekwisha kusema maneno hayo mara elfu. Nyoka wengi wakisikia mtikisiko wa miguu hukimbia. Bafe hakimbii. Mnene, mzito, na ulinzi wake ni rangi yake, basi hutulia akitumaini hataonekana. Jioni hujilaza kando ya njia akingoja panya. Mtu akimkanyaga, anauma. "Hamfuati mtu," akasema. "Hamjui mtu."

Nilimwomba arudie hapo aliposema hakimbii. Akarudia. Nikatafuta benchi nikaketi, na mkwe wangu akadhani ni jua.

Mwaka 1987, nikiwa na miaka 12, mtoto wa shangazi yangu aliumwa na kifutu akitoka kuchota maji, giza likianza kuingia. Alikuwa na miaka 9. Mguu ulifungwa kamba, ukachanjwa kwa wembe, ukapakwa dawa za majani. Ulivimba hadi nyongani. Siku ya tatu akafa. Upande wa baba yake walikwenda kwa mganga, wakarudi na jibu kwamba nyoka yule alitumwa, na aliyemtuma ni bibi yangu, mama yake shangazi. Ushahidi waliokuwa nao ulikuwa mmoja, nao ulirudiwa kila kilabu na kila kisima: nyoka wa kawaida hukimbia. Huyu watu walimpita, hakusogea. Alikuwa anamngoja mtu wake.

Mimi nililelewa na bibi na sikuamini hata siku moja. Lakini sikuwa na la kujibu. Mbona kweli hakukimbia?

Bibi hakufukuzwa kanisani. Alikwenda kila Jumapili, na benchi aliloketi lilibaki lake peke yake. Hakuna aliyesimama kumtetea. Shangazi, binti yake wa kumzaa, aliacha kumwamkia. Bibi alifariki mwaka 1996 akiwa na jina hilo.

Nikiwa kwenye benchi lile la Watamu nilifikiria habari ya Paulo kisiwani Malta. Nyoka alimng'ang'ania mkononi, na watu wa pale wakakata shauri mara moja kwamba ni mwuaji, haki imemfuata. Alipokosa kufa, wakasema ni mungu. Tunapenda kuhubiri kwamba Paulo hakudhurika. Mimi sasa nawatazama zaidi wale watu: hukumu mbili, zote za uongo, na wala hawakumwuliza Paulo kitu. Tena Mwanzo inasema vitambaavyo viliumbwa na Mungu akaona kuwa ni vyema, kabla nyoka yeyote hajasema neno. Kutomjua kiumbe kulivyo kulitufikisha kwenye kumshuhudia jirani uongo, na aliyelipa ni mama mzee.

Kijana alituambia mengine nikayaandika nyuma ya tiketi: usifunge kamba, usichanje, mguu usitikiswe, mkimbizeni mgonjwa hospitali yenye dawa ya sumu. Pale kuna mfuko wenye jina la Ashe unaowapa dawa hiyo wasioweza kulipa. Shirika la Afya Duniani liliweka kuumwa na nyoka kati ya maradhi yaliyosahaulika mwaka 2017. Linakadiria kwamba huua watu kati ya 81,000 na 138,000 kila mwaka. Waliosahauliwa ni watu kama sisi, wanaotembea njia za mashambani bila viatu.

Niliporudi Mbebe nilikwenda kwa shangazi. Anaishi peke yake sasa, macho yamepungua. Nilimwamkia, nikapewa kigoda, nikaeleza yote polepole, majani makavu, jicho, panya. Alikuwa anachambua maharage kwenye ungo, akaendelea kuchambua.

"Kwa hiyo alikuwa amelala tu," akasema.

"Amelala tu, shangazi."

Alinyamaza hadi ungo ukaisha. Hakumtaja mama yake, wala sikumlazimisha. Kisha akauliza kama hiyo dawa ipo Itumba, maana watoto wa jirani bado wanachota maji kijito kilekile. Nikamwambia nitakwenda kuuliza. Jumatatu asubuhi nikapanda bodaboda.