Safari ya Palma: kompyuta zitalala wapi?

Mwezi huu nawaletea habari za pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado, nilikokwenda kumsalimia mdogo wangu aliyeolewa na mvuvi wa upande wa Palma.

Sisi tuliotoka Congo tumezoea kubabaika na Kireno kila tunapokwenda humu Msumbiji. Kule nilipumua. Watu wanaongea Kimwani, na ukijibu kwa Kiswahili unaelewana nao bila taabu, maana Mto Ruvuma uko karibu na ng'ambo yake ni Tanzania. Minazi ni mingi, samaki wabichi wapo, na kina mama wanajipaka msiro mweupe usoni wakapendeza kweli. Ila ukitazama vizuri unaona pia kuta zilizoungua. Vita vilianzia Mocímboa da Praia tarehe 5 Oktoba 2017, na Palma ilivamiwa tarehe 24 Machi 2021. Watu walikimbia kwa miguu na kwa mashua. Wengi walirudi baadaye. Hayo sisi hatuhitaji kuelezwa.

Basi, kijiji cha shemeji kina shule ya msingi, na shirika moja lilitaka kuiletea kompyuta ndogo za darasani. Mwalimu mkuu hakutia sahihi. Aliita kwanza baraza la shule, katibu wa mtaa, shehe na wazazi, wakakaa chini ya mwembe. Nami nikajibanza nyuma na kina mama.

Nilidhani watashangilia. Wapi! Mzee mmoja mvuvi alisimama, akauliza, "Usiku zitalala wapi?"

Vijana wakacheka. Yeye hakucheka. "Shule hii ilikuwa na madawati tu, na bado wakaichoma. Mkiweka mali humo, wale wa porini watasikia. Mjukuu wangu atakwenda kusoma au kulinda mali?"

Pakawa kimya. Nilimtazama mwalimu mkuu nikamwonea huruma, kwa sababu swali lile hakuwa na jibu lake.

Mama mmoja akauliza kama mashine zitasema Kireno peke yake. Nchi hii inaruhusu watoto waanze kufundishwa kwa lugha za nyumbani, Kimwani ikiwemo, na wake ndio kwanza ameanza kuelewa. Shehe yeye aliuliza saa, zisije zikagongana na chuo cha Kurani. Mwalimu kijana akakiri kwamba hajawahi kuigusa kompyuta hata siku moja. Mimi nilimpenda kwa hilo.

Hapo nikaomba ruhusa ya kusema. Niliwaambia kwamba mwaka 2013 serikali ya Kenya iliahidi kompyuta kwa kila mtoto wa darasa la kwanza. Vifaa vilianza kufika 2016, na shule nyingi zikavifungia stoo, walimu wanaviogopa. Kisha nikawaambia habari za kambi za wenzetu, Dadaab, Kakuma na Nyarugusu. Kule kuna mpango wa UNHCR na Vodafone Foundation ulioanza 2013, na tableti hazigawiwi watoto wakaenda nazo nyumbani. Zinakaa shuleni kwenye chumba kimoja chenye umeme wake, na walimu wanafunzwa.

"Chumba hicho kina mlango wa namna gani?" mzee akauliza. Jamani!

Walizungumza mpaka adhana ya alasiri. Wakakubaliana shirika liombwe kuleta mbili tu kwanza, za walimu kujifunzia kwa muhula mzima. Jioni zitaondolewa shuleni. Zinapelekwa wapi, sitaandika hapa, na nyinyi mnajua kwa nini. Mwalimu mkuu akapewa kazi ya kuliuliza shirika kuhusu Kimwani kabla ya kusaini chochote.

Kwa zamu ya ulinzi walitakiwa wanaume sita. Siku naondoka majina yaliyoandikwa yalikuwa manne, na la kwanza ni la yule mzee.