Chumba Kisichouzwa

Hoteli yetu ina vyumba 24. Vya kuuzwa ni 23. Kile kimoja kinachobaki ninalala mimi, na mwenye hoteli hukiita "chumba kisichouzwa". Kila tukipiga hesabu za mwisho wa mwezi lazima akitaje, kwa utani lakini si utani sana.

Nimekuwa meneja hapa Mabanga, kwenye barabara ya Bungoma kwenda Webuye, kwa miaka sita, na miaka yote hiyo nimeishi humu humu ndani. Marafiki zangu wa Nairobi wakisikia hivyo wanasema nimeomoka. Ati silipi rent, tokeni za stima si shida yangu, mashuka nafuliwa, chakula kiko jikoni. Ni kweli kabisa. Ila hawajui kwamba hapa mlango wangu hubishwa saa nane usiku kwa sababu mgeni wa 17 ameoga nusu na maji yamekatika.

Kwa mama, neno lenyewe ni tatizo. Kwake hoteli ni mahali pa chai na mandazi. Pahali pa kulala panaitwa lojing'i, na lojing'i ina sifa zake. Mwanamke wa miaka 34 anayeishi lojing'i? Hilo husemwa kwa sauti ya chini, tena mtu akiangalia kando. Mama alipokuja kunitembelea mara ya kwanza, alilala usiku mmoja. Asubuhi nikamkuta ameshatandika kitanda, amefagia chumba, na anauliza amlipe nani. Nikamwambia, "Mama, hapa ni kwangu." Akaangalia ile karatasi ya bei nyuma ya mlango, hakusema kitu.

Mabanga ni mahali pa watu kuja kukaa na kuzungumza. Kuna kituo cha mafunzo ya wakulima, na mwaka 2011 makubaliano ya amani ya Mlima Elgon yalifanyiwa hapa yakachukua jina la mahali. Sisi tunapata mabaki ya hiyo desturi: semina. Wanasemina nawajua kama mkono wangu. Chai ya saa nne ikichelewa dakika kumi, utadhani umewaibia posho.

Lakini wageni walionifunza kuhusu nyumba si hao. Ni wale wa mazishi, wa harusi na wa Desemba. Kwetu Wabukusu kijana akishatahiriwa halali tena kwa nyumba ya mamake. Anajenga simba yake. Mkwe naye hawezi kulala kwa wakwe, hata mvua inyeshe vipi. Sasa mtu ametoka Nairobi na bibi na watoto watatu, simba hajajenga, boma la babake liko karibu tu. Atalala wapi? Anakuja kwangu. Analipa usiku tatu, na kila asubuhi anatoka mapema ili majirani wa nyumbani wadhani amelala huko. Agosti ya miaka ya tohara ndiyo kilele. Usiku njuga za chinyimba zinasikika mpaka huku barabarani, na mzazi wa kutoka ng'ambo ananiuliza kama kuna chumba upande wa nyuma, hakuna kelele. Amesafiri bahari nzima kuja kuisikia hiyo kelele, jamani.

Hao nawahurumia, kisha najiuliza nani ananihurumia mimi. Ndugu zangu wawili wana simba kwa baba. Msichana hajengewi, anatarajiwa kuolewa. Mimi sijaolewa. Kwa hivyo nikienda nyumbani nalala na mama kama mgeni, na nikirudi kazini nalala hotelini kama mgeni. Nina funguo za milango yote 24 na hakuna hata mmoja ambao nikifukuzwa kazi leo ningeufungua kesho.

Mtoto wangu ana miaka tisa na anakaa na nyanyake. Likizo akija, anajua sheria: usikimbie kwa korido, usicheke kwa sauti, wageni wanapumzika. Alijua kunong'ona kabla hajajua kusoma. Wafanyakazi humsifu, "Huyu mtoto ana adabu!" Siku moja alikohoa usiku, akatoka kitandani kunywa maji, akavaa viatu kwanza ili asionekane na wageni bila viatu. Hapo ndipo nilianza kutafuta nyumba.

Nilisoma pia. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 31, inasema mwajiri akupe nyumba ya kuridhisha au akulipe posho inayotosha kodi. Kifungu cha 27 kinasema angalau siku moja ya kupumzika katika kila siku saba. Hiyo siku kwenye ratiba ninayo, ni Jumanne. Lakini ukiishi ndani, Jumanne yako iko mbele ya kila mtu. "Najua uko off, madam, lakini si uko tu hapo?" Hilo "uko tu hapo" ndilo limekula miaka yangu. Na ucheke kidogo: kila mwezi nakatwa asilimia 1.5 ya mshahara, tozo ya nyumba za bei nafuu.

Nimepata nyumba ya chumba kimoja na sebule, Kanduyi. Kuna choo ndani, na mwenye nyumba anakubali watoto. Nilimwambia tajiri nataka kuhama, na anipe posho badala ya chumba. Akakunja uso. Akasema meneja anayelala nje si meneja, kwani usiku nani atasimamia? Nikamwambia meneja wa zamu ya usiku, yule tunayemlipa. Akasema atafikiria mpaka mwisho wa mwezi.

Afikirie. Depoziti nimeshalipa. Kama atakataa, kodi itakula karibu robo ya mshahara na Jumanne nitauza mitumba Chwele. Nimempigia mama kumwambia. Hakuniuliza bei, wala hakuniuliza nitaolewa lini. Aliuliza kama kuna pahali pa kufuga kuku. Nikamwambia hakuna, ni ghorofa. Akasema sawa, atamleta akiwa tayari amechinjwa, na mtoto abebe viatu vya mpira kwa sababu hapo sasa atakimbia.