Nesi Mpya Asingojee Mjini

Mwanangu,

Habari kwamba umefaulu mtihani wa Baraza zimemfurahisha shangazi yako kuliko siku ya mahafali. Mahafali yalikuwa ya ukoo mzima. Lakini leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga ndiyo inayompa mtu ruhusa ya kumshika mgonjwa. Anayefanya kazi bila leseni, hata kwa kujitolea, anavunja Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010.

Wazee hapo nyumbani wanasema mhitimu atulie, Serikali itampangia kituo. Wasilaumiwe, ndivyo walivyoona wao. Miaka ya 1980 mwanafunzi wa uuguzi alimaliza chuo, wizara ikampangia hospitali, akafunga sanduku akaenda. Mwaka 1993, katika mageuzi ya utumishi wa umma, ajira mpya zilisitishwa na utaratibu ule ukafa. Siku hizi mhitimu anaomba, anasailiwa na kushindanishwa na wenzake wengi, wakiwamo waliomaliza miaka kadhaa kabla yake.

Wagonjwa hawajapungua, mwanangu. Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi, ule MMAM wa 2007 hadi 2017, uliazimia zahanati kwa kila kijiji na kituo cha afya kwa kila kata. Majengo yakapanda, watumishi hawakufuata kwa kasi hiyo. Ndiyo maana nchi ina upungufu wa manesi na papo hapo ina manesi waliokaa kwa wazazi wao. Kinachokwamisha ni vibali vya ajira na fungu la mishahara. Mhitimu asiyeitwa kazini asidhani kwamba amelaaniwa, wala asimsikilize jirani anayesema chuo chake hakina jina.

Sasa makaratasi, maana hapa ndipo vijana wengi wanapoanguka kabla hata ya kuonana na msaili. Aprili 2017 Rais Magufuli alikabidhiwa mjini Dodoma ripoti ya uhakiki wa vyeti iliyotaja watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Waliondolewa kazini. Tangu hapo hakuna ofisi ya umma inayochezea suala la vyeti. Tangazo la Sekretarieti ya Ajira linataka cheti chenyewe cha kidato cha nne, cheti cha taaluma na cheti cha kuzaliwa. Hati za matokeo za muda na barua za mkuu wa shule hazipokelewi. Mwombaji anajisajili kwenye Ajira Portal kwa namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA), na jina linatakiwa kuwa moja kila mahali. Binti ambaye cheti chake cha kuzaliwa kinasema Rehema, cha sekondari Rehma, na leseni imefuata cha sekondari, anaweza kukatwa kwa herufi moja. Dawa yake ni hati ya kisheria ya kuthibitisha majina, inayoandaliwa na wakili na kusajiliwa kwa Msajili wa Hati. Inachukua muda, na tangazo la kazi halimsubiri mtu.

Anayepita mchujo wa vyeti anaitwa kwenye usaili wa kuandika, kisha wa mahojiano. Wasaili wa afya hawana haja ya hotuba juu ya wito na huruma. Wanauliza kazi. Mama amejifungua salama, damu inaendelea kutoka, imefika nusu lita, unafanya nini? Anayejibu kwamba atampigia daktari na kuishia hapo amejiharibia. Nesi anaita msaada huku mkono wake ukiwa tayari kwenye tumbo la mama ukikanda mji wa mimba, anatoa oksitosini, anafungua mshipa na kuweka dripu, anahakikisha kibofu hakina mkojo, anakagua kondo na michaniko, anapima presha na kuandika kila alichofanya pamoja na saa. Maswali ya namna hiyo yanajibiwa vizuri na mtu aliyekuwa wodini mwezi uliopita. Aliyekaa nyumbani akikariri madaftari anasikika.

Kwa hiyo huyo nesi awe wodini wapi, na hajaajiriwa? Kuna hospitali za mashirika ya dini: Haydom kule Mbulu, Ndanda mkoani Mtwara, Peramiho mkoani Ruvuma, Nkinga mkoani Tabora. Hospitali za aina hii huajiri watumishi zenyewe, na barua iliyoandikwa vizuri ikapelekwa kwa mkono bado inasomwa huko. Kuna pia ajira za mkataba za taasisi kama ile ya Benjamin Mkapa, ambayo tangu miaka ya 2000 imekuwa ikipeleka watumishi wa afya kwenye wilaya za pembezoni. Mshahara unaweza kuwa mdogo na zamu ya usiku ikawa na nesi mmoja kwa wodi nzima. Hilo ni zito, na shangazi yako halipambi. Lakini nesi mpya katika hospitali kubwa ya jijini anaweza kukaa mwaka mzima kwenye idara moja, wakati mwenzake wa wilayani amezalisha, amehudumia watoto wenye malaria kali, amefunga vidonda vya ajali za bodaboda na kukabidhi zamu kwa watu wenye hasira. Kwa maoni ya shangazi yako, huyu wa pili ndiye aliyesomeshwa.

Kujitolea nako kuna utu wake na unyonyaji wake. Anayejitolea aombe barua ya kupokelewa kutoka kwa Mganga Mkuu wa Wilaya au uongozi wa hospitali, itaje tarehe na wodi. Aulize kuhusu chanjo ya homa ya ini B kabla ya kushika sindano. Akijichoma, atoe taarifa palepale, kwa sababu dawa za kuzuia VVU zinatakiwa kuanza ndani ya saa 72, na mapema zaidi ni bora. Na kama miezi inapita, posho haipo, naye ndiye anayebeba zamu za walioajiriwa, aage kwa heshima aondoke.

Kuhusu yule dalali wa WhatsApp anayekuahidi Uingereza, jibu ni fupi. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya nchi 55 zenye upungufu mkubwa wa watumishi wa afya, Tanzania ikiwamo, na waajiri wa nje wametakiwa wasije kuvuna manesi huku. Nesi anaweza kuomba mwenyewe moja kwa moja, lakini mtu anayetaka ada ya "kufungua faili" hana hospitali yoyote nyuma yake. Ajira za nje zina chombo cha Serikali, TaESA. Maswali yapelekwe huko.

Jambo la mwisho ni barua ya kupangiwa kituo. Aliyefaulu usaili asipate nafasi huwekwa kwenye kanzidata kwa muda, akaitwa nafasi ikipatikana. Wapo walioitwa, wakaona jina la wilaya wasiyoijua, wakachelewa kuripoti wakitafuta mtu wa kuwahamishia Dar es Salaam, na nafasi ikapewa mwingine.

Kwa hiyo wiki hii, mwanangu, toa vyeti vyako vyote uvipange mezani na usome jina lako herufi kwa herufi. Ukikuta tofauti, mwone wakili kabla ya jambo jingine lolote. Gharama yake niambie mimi, usimsumbue baba yako.

Shangazi yako