Prizi za ng'ambo ya Kasumbalesa



Likizo iliyopita, sita kati yetu tulitoka Lubumbashi alfajiri kwenda Kitwe, Zambia, kununua vitambaa vya sare ya kikundi. Barabara ya Kasumbalesa mnaijua: karibu kilomita 90, na kabla ya mpaka malori ya shaba yamejipanga mpaka mtu anachoka kuyahesabu. Tulipita Chililabombwe na Chingola, na jua lilipozama tulikuwa tumefika.

Katika nyumba ya wageni, kila mmoja alitoa telefoni yake. Fishi zetu zina vijiti viwili vya mviringo. Prizi za kule zina matundu matatu ya pembe nne. Mwenzetu mmoja alitaka kufungua tundu la juu kwa ncha ya kalamu ili fishi iingie. Tulimshika mkono. Fishi iliyosukumwa hivyo inakaa legelege, inatoa cheche, na mwisho inaungua. Mama mwenye nyumba akatuazima adapta. Tukachomeka, kimya! Kumbe kule prizi ina kitufe chake cha kuwasha. Tulicheka sana.

Kicheko hakikudumu. Mama mmoja alikuwa na chuma kipya cha kunyooshea nywele, zawadi ya mdogo wake aliye Marekani. Adapta iliipokea fishi yake vizuri. Baada ya dakika chache tulisikia harufu ya kuungua, na chuma kikafa. Tulipokigeuza tukaona maandishi madogo: 120V. Umeme wa Zambia ni volti 230, wa kwetu 220. Adapta inabadilisha umbo la fishi tu, haipunguzi nguvu ya umeme. Chombo cha volti 120 kikipata 230, joto lake linapanda karibu mara nne. Hata hapa Lubumbashi kingeungua.

Ndipo tukaikumbuka kompyuta ya kikundi, iliyo na hesabu yote ya likelemba, nani ametoa na nani anangoja zamu yake. Hakuna aliyeichomeka kabla ya kusoma shajeri. Iliandikwa: INPUT 100-240V. Maana yake inakubali umeme wa nchi zote mbili, inahitaji adapta tu. Shajeri nyingi za telefoni ziko hivyo, lakini soma kwanza.

Siku tuliporudi nyumbani, umeme ulikatika jioni tukiwa tumechomeka kompyuta. Tuliichomoa mara moja. Uliporudi, ampuli iliwaka kwa ukali, ikafifia, ikawaka tena. Kwa jirani, televisheni iliyoachwa kwenye prizi haikuwaka tena. Sisi tulingoja kama dakika kumi, mpaka ampuli ikatulia, ndipo tukachomeka. Fanyeni hivyo hata kama mna stabilizateri. Na wakati wa radi, chomoeni kabla mvua haijafika, msiguse prizi radi ikiwa juu yenu.

Hesabu ya likelemba tumeinakili pia katika daftari, maana jasho la wamama halifai kukaa mahali pamoja tu.

Kwenye mkutano ujao, kila mama alete shajeri yake. Maandishi ni madogo, lakini tutayasoma pamoja.